Mji wa Nyuma ya Kalenda

Kisiwa nilikianza kwa kufunika kisosi na kuzungusha penseli:
duara safi, mwambao usio na pengo,
barabara nane zikitoka sokoni kama mapanga ya feni.
Butoyi akaingia kutoka zamu, buti zina tope la Gungu,
akainama, akatazama, akasema,
"Hapa hajawahi kuishi mtu."

Ndugu yangu ni fundi mabomba. Kutwa
huzibua alichokitupa mtu mwingine.
Akaweka kidole chenye grisi katikati ya ikulu yangu:
"Hawa wakishanawa, maji yanakwenda wapi?"

Nikafuta.
Kalenda ya mwaka juzi ina karatasi ngumu, inavumilia.
Nikainua mlima upande mmoja, mvua ipate pa kugonga,
nikateremsha mto mwembamba wenye hasira za Machi,
na pale unapoingia ziwani nikachora gati.
"Patajaa mchanga," akasema, mdomo umejaa muhogo.
Nikalisogeza gati. Likasogea na forodha,
na nyumba ya wageni, na kinyozi, na muuza chapati,
maana watu hufuata mzigo unaposhuka.
Usiku ule nilihamisha mji mzima kwa kifutio
na hakuna aliyenidai nauli.

Jioni ya pili tone la mawese likaniponyoka kijikoni,
likatua kusini, likatanuka taratibu, rangi ya jua bovu.
Nilikaribia kuichana karatasi.
Lakini madoa ya miji nani huyapanga?
Nikalizungushia kalamu, nikaliita Chepechepe:
kodi nafuu, vyura wengi,
shule yenye mstari wa maji ukutani
kimo cha mtoto wa darasa la pili.

Baada ya hapo mkono ukazoea kukosea vizuri.
Barabara Kuu nikaipinda, kwa kuwa mjane mmoja alikataa fidia
na hadi leo malori huzunguka mchikichi wake yakilaani.
Nikaweka msingi wa nyumba uliosimama, nondo zikichungulia,
makaburi ambayo soko liliyazingira bila kukusudia,
mtaa wenye majina mawili, la serikali na la watu,
na reli iliyotaka kufika kaskazini
ikaishiwa fedha katikati ya mihogo.

Reli niliiba, nakiri. Hapa Kigoma
njia ya chuma hufika majini ikakoma,
na treni haina la kufanya ila kugeuza uso.
Mtu aliyekua akisikia honi hiyo
hawezi kuchora kisiwa akakiamini
mpaka kiwe na mahali ambapo safari inakatika.

Butoyi hakusifu. Yeye hasifu kitu kisichovuja.
Alipofika mlangoni, kofia mkononi, akanitega:
"Vitunguu huko, fungu bei gani?"

Sikufikiri.
"Meli ikija Jumanne, senti tatu.
Ikichelewa, tano, na wanakupa vile vidogo."

Akanyamaza.
Akarudi, akavuta kigoda, akaketi.
"Tano ni wizi," akasema. "Nani anauza?"