Daftari la Geeske

Siku ya kwanza walikiinua kitanda changu
juu ya vigogo vinne, mgongo wa muuguzi usije ukavunjika.
Nikawa napanda kulala kama mtu apandaye farasi,
mshono ukinichoma, Sjoerd kanishika kiuno,
na mvua ya Harlingen ikipiga kioo bila adabu.

Geeske alikuja kwa baiskeli, saa mbili kamili,
soksi zimelowa, mikono inanukia sabuni.
Akajaza maji ya moto chupa ya bati,
akaivika sufu, akailaza kando ya mtoto
kama anayemletea mwenzake wa kulala.

Kisha daftari, na safu zake:
joto, uzito, mara alizonyonya,
nepi za mkojo, nepi za choo, rangi ya choo.
Jorrit: gramu elfu tatu mia moja arobaini.
Jorrit: manjano ya haradali, vizuri sana.
Mimi nilikuwa ukurasa wa nyuma:
mapigo, damu, kimo cha tumbo.

Dang'a ilitoka kwa tone, kwa tone, kwa subira.
Maziwa yakaja siku ya tatu kama mdai,
yote, na sasa hivi.
Ziwa la kushoto likawa jiwe.
Geeske akaliponda jani la kabichi kwa kifimbo cha unga,
akanibandika, baridi, nikacheka,
na kicheko kikageuka njiani
kikawa kitu kingine.

Wageni wakaja. Wakala biskuti za siagi
zilizonyunyiziwa vipunje vya shamari, samawati na vyeupe.
Mama mkwe akasema, pua ni ya kwetu.
Wote wakainamia kitanda kidogo.
Hakuna aliyeinua uso kunitazama,
nami nilikuwa juu kama jukwaa.

Ngazi za nyumba yetu zimesimama wima kama za meli.
Nimezishuka tangu uchumba, kapu la nguo mkononi,
bila kuzitazama.
Usiku wa tano, saa tisa, nikasimama juu yake na Jorrit,
na wazo likaingia bila kubisha hodi:
na mikono ikifunguka?
Nikakaa. Nikashuka kwa makalio,
kidato, kidato, kidato,
kidevu changu juu ya utosi wake.

Asubuhi Geeske aliandika joto la mtoto,
kisha akauliza, bila kuinua kalamu,
kwa nini gauni langu la kulalia lina vumbi nyuma.

Nikamwambia.
Nikangoja anipokonye mtoto. Nikangoja simu, nyuso ngumu.
Hakuruka. Hakusema usijali.
Alikuja tukakaa kidato cha juu, magoti yamegusana.
"Hilo huwajia wengi," akasema, "na wengi hulimeza.
Wewe umelitema. Leo tutamwambia na daktari,
nami nitakuwa nimekaa hapahapa."
Halafu akatafuta rula,
akachora safu nyingine pembeni mwa ile ya nepi.
Hakuipa jina.
"Hii jaza mwenyewe."

Siku ya sita: nimelala saa mbili. Nimelia mara nne, moja bila sababu.
Siku ya saba: daktari alisikiliza mpaka chai ikapoa. Atarudi Alhamisi.
Sjoerd hunitangulia ngazini, anashuka kinyumenyume, mikono wazi,
anachekesha, simwambii.
Siku ya nane: nimelia mara mbili. Kabichi imeisha.

Siku ya nane ndiyo siku yao ya kuondoka.
Geeske akavichomoa vigogo, kimoja kimoja,
kitanda kikarudi chini, kwenye kimo cha watu wote.
Akapanda baiskeli. Daftari akaliacha,
kurasa nyingi bado nyeupe.

Rula ni yake, alikwenda nayo.
Mstari nimeuchora kwa ukingo wa kadi ya pongezi,
umepinda.
Siku ya kumi na moja, saa tisa usiku:
ananyonya, ziwa la kushoto.
Ngazi ni zilezile.
Nimeziwashia taa.