Tarishi wa Liwali

Dozi ya pili ilifika Pongwe Jumanne,
katika boksi la barafu
lililofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki.
Daktari Semhando aliinua chupa kwenye mwanga,
akaigusa shavuni. Bado baridi. Twende.

Liwali alikuwa juu ya kichuguu chake,
palahala dume,
mweusi kama tako la sufuria ya arusi,
pembe zimepinda nyuma, miundu miwili isiyovuna.

Ua huu aliujenga Mgiriki wa mkonge
kwa ng'ombe sita.
Mimi nina palahala kumi na wanne.
Nyasi zimetafunwa hadi mizizini,
na pale zilipokuwa limekaa vumbi la chokaa.
Mwaka jana ndama wawili walizaliwa kiangazi.
Niliwazika mwenyewe kwa jembe la bustani,
wepesi,
kama mikungu iliyokwisha katwa vichane.

Palikuwa na njia ya kisu. Mhina wa stoo aliipenda:
"Dakika kumi, habari imekwisha."
Palikuwa na mtu wa Muheza, alikuja na mizani yake.
Daktari akasema ipo chanjo.

Inafanyaje? Akachora mchangani kwa kijiti:
hapa kichwa, hapa makende,
na katikati tarishi
akimbiaye usiku na mchana na barua ileile.
Chanjo haimuui Liwali.
Inaufundisha mwili wake
kumdhania tarishi huyo mwizi.
Anakamatwa njiani. Barua haifiki.
Makende yanangoja amri, yanachoka kungoja, yanalala.
"Na yeye mwenyewe, atajua?"
Daktari alifuta mchoro kwa buti.
"Atanenepa," akasema.

Bomba la kupulizia nalishika mimi.
Pumzi moja, yangu, kutoka tumboni.
Sindano ikamkaa pajani.
Liwali aliruka, akageuka,
akawatazama majike
kana kwamba mmoja wao ndiye.

Jioni Mwanamkasi alikuwa anachambua mchicha.
Nikamwambia, leo tumemchoma dume.
Mkono wake ukasimama.
"Dume?" akasema. "Kumbe wanachomeka."

Akaendelea na mchicha.

Miaka tisa amekwenda zahanati ya Makorora
kila miezi mitatu, na kadi yake ya njano.
Miaka tisa ya kichwa kuuma,
ya damu isiyokoma, kisha ya damu isiyokuja.
Siku moja ya mvua nilimshikia mwavuli hadi mlangoni,
nikarudi nikijiona mume.

Wiki ya kumi na moja Liwali ameshuka kichuguuni.
Jike alikojoa mbele yake;
alinusa, hakukunja mdomo, akapita
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Shingo imepungua. Hapigani na waya.
Sijui niiite amani.
Kona ya mashariki, nyasi zimechomoza,
fupi, kama ndevu za siku mbili.

"Haidumu," Daktari alikuwa amesema. "Andika tarehe ya kurudia."
Nimeiandika daftarini.

Kisha nikaivuta kadi ya njano chini ya vitenge,
nikaisoma, mara ya kwanza, mstari kwa mstari.
Tarehe ya kurudi: Alhamisi.
Mhina nimemwambia Alhamisi asinitafute.
Sijajua nitamuuliza nini nesi,
wala nitaanzaje,
mwanamume peke yangu kwenye benchi lile.