Hodi ya Silinda ya Tatu

Kokkola, Februari, saa tatu usiku.
Nje ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
na humu gerejini Volvo ya Rauno imefungwa minyororo
juu ya magogo ya chuma yanayozunguka,
inakimbia bila kwenda popote.

Aune Hietaniemi kavaa vikinga masikio vya mkata miti.
Ndani ya kimoja kapitisha mpira mwembamba,
na mwisho wa mpira kuna bomba la shaba
lililobanwa kwa bolti ubavuni mwa injini.
Kompyuta anayo. Ina grafu, ina rangi.
Anaamini shaba.

"Bar moja na nusu," anasema Rauno,
dereva wa lori la maziwa, mkono mmoja mfukoni,
mwingine umeshika kahawa iliyopoa zamani.
Kaahidi watu. Kuna karatasi anataka kuibandika
ukutani, kantini ya kiwanda, juu ya mashine ya soda.

Aune hajibu. Anaongeza hewa.
Tabo inapiga mluzi, sindano inapanda.
Hewa ikishindiliwa, moto hukua mbio,
kwa hiyo cheche iliyozoea kutangulia nyuzi ishirini
sharti ijizuie kidogo:
pistoni bado iko njiani kupanda,
na moto ukiikuta huko hautaisukuma,
utaizaba kofi la uso.
Anafumua uzi mmoja. Anafumua wa pili,
kama fundi cherehani na suti ya mtu aliyenenepa.

Haraka haina baraka, sawa,
lakini cheche ikichelewa nayo haina:
moto unamalizikia mlangoni, kwenye valvu,
bomba la moshi linaiva jekundu,
na nguvu uliyoilipia inatoka nje kupasha theluji joto.

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Aune ana mikono miwili na yote iko kazini.

Mizunguko elfu nne na mia sita.
Kwenye shaba: tik.
Kokoto moja ndani ya kopo.
Hodi, silinda ya tatu,
hodi isiyongoja karibu.
Mguu wake umeshaachia mafuta
kabla sikio halijamaliza kusikia.

Rauno hakusikia kitu.
Grafu nayo haikusikia kitu.
"Ilikuwa safi."
"Ilibisha."
"Mara moja tu!"
"Mara moja, tena usiku huu,"
anaionyesha kwa kidevu barafu ya dirishani.
"Baridi hii inatufichia aibu.
Julai utakuwa barabara ya Vaasa nyuma ya trela,
jua halitaki kuzama, petroli umeitia popote,
mtoto kalala kiti cha nyuma.
Nani atakuvalia hivi masikioni?"

Dirishani kuna pistoni iliyotoboka katikati,
tundu la ukubwa wa sarafu,
kingo zimeyeyuka laini kama mshumaa.
Penseli mbili zimesimamishwa humo.
Rauno anaitazama muda mrefu kuliko alivyotaka.
"Ya nani?"
"Yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
na sikuwa mtu wa kuambiwa."

Anashusha presha: moja nukta mbili.
Kati ya zile nyuzi mbili anarudisha moja,
polepole, kama anayemrudishia mtoto kisu.
Wanaikimbiza tena hadi juu kabisa.
Shaba kimya,
kimya cha watu wenye njaa wanapokula.

Printa inatema karatasi:
nguvu farasi mia mbili themanini na nane.
Rauno anaikunja mara nne,
anaitia mfuko wa ndani, si ule wa nje.
Analipa taslimu, anahesabu mara mbili,
hasemi asante,
anasahau glavu mezani.

Taa nyekundu zinapotelea nyuma ya ghala la mbao.
Aune anazima feni, anafunga minyororo kwenye msumari wake,
vikinga masikio bado vinaning'inia shingoni.
Ukutani bomba la maji ya moto linaanza kupoa.
Tik.
Mkono wake tayari uko kwenye swichi.