Milimita Kumi na Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, Cochabamba bado imejikunyata,
nafungua kiangulio kama mfuga kuku afunguavyo kizimba,
nahesabu: visahani ishirini na vinne,
na juu ya kila kimoja, kwa mwandiko wangu mbaya, jina la jani.
Molle. Chilca. Matico. Muña.
Na moja nisilolijua, nimeliandika tu
*la nyuma ya gereji*.

Bakteria tuliwatoa gotini kwa Yamil Ayaviri,
mtoto wa mfyatua matofali.
Jipu liligoma kupasuka, likapasuka, likazaa mengine saba.
Dawa ya kwanza ilipita kama mgeni aliyekosea mlango.
Ya pili ilikaa siku tatu, ikaaga.
Ya tatu ipo, dukani, nyuma ya kioo,
na bei yake ni matofali elfu nne.

Pamba ikagusa usaha, usaha ukagusa agari,
usiku mmoja tu pakawa shamba:
madoa ya rangi ya dhahabu, manono, yenye kung'aa.
Ni mazuri, siwezi kusema uongo.
Ukiyaona kabla ya kuliona goti, utayasifu.

Mwezi uliopita molle ilituchorea duara,
pana, safi, hapajaota kitu.
Wilber akapiga simu kwao Punata, mama yake akalia.
Mimi nikakitazama kikaratasi cha kulinganishia,
kile cha spiriti tupu, kisicho na jani wala dua.
Nacho kilikuwa na duara.
Lile lile.

Spiriti haikuwa imekauka.
Tuliua kwa spiriti, tukalipa jani sifa.
Na aliyekausha kwa pupa ni mimi, Fidelia Choque,
nilikuwa nawahi basi.

Nusu saa nilikaa na kile kisahani mapajani.
Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Mficha kosa la maabara je?
Yeye haumbuki. Linaoza goti la mwingine.
Nikaenda nikasema. Wilber hakunijibu,
alichukua simu, akaiweka, akaichukua tena.

Leo molle haina kitu. Chilca haina kitu.
Matico ina ukungu mwembamba, labda ni macho yangu.
Muña inanukia, basi.
La nyuma ya gereji:
naweka rula, naondoa, naweka.
Milimita kumi na moja.
Kikaratasi cha spiriti: bakteria wameota mpaka ukingoni,
wameota hadi chini yake.
Kisahani cha pili, kumi na moja. Cha tatu, kumi.

Sikupiga kelele. Nilipaka dondoo mkononi mwangu,
upande wa ndani, pale ngozi inapokuwa laini kama ya mtoto,
maana kisahani hakina neva, hakijui kuwashwa.
Saa tano mkono ukawa mwekundu.
Saa saba ukawa na malengelenge mawili.
Wahenga walitwambia dawa ni chungu;
kipimo hawakututajia.
Basi tutalipunguza: nusu, robo, thumuni,
tutalichanganya na mafuta, tutaanza upya,
na huenda robo isiue kitu.

Yamil aliletwa kubadilishiwa bandeji. Akaomba kuona.
Nikainua kisahani kwenye mwanga, kikiwa na kifuniko.
"Hawa ndio wangu?"
Ndio wako.
Akaweka kidole juu ya kioo, juu ya lile duara tupu,
akakizungusha polepole, asiguse ukingo.

Jioni nilipitia gereji.
Don Hilarión alikuwa ameinama na panga,
nusu ya ukuta ameshafyeka.
Nikashika mpini, akashtuka.
"Gugu hili, señora? Linafuga panya hili.
La nini?"
Nikasema: Bado sijui.
Niachie hadi Jumatano.