Prufu ya Nne

Tulikuwa watatu, Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani,
nyuma ya fundi baiskeli:
Shemdoe mwenye mashine,
Rukia Hozza mwenye fikra,
na mimi, mwenye kalamu nyekundu na macho yanayouma.

Tangazo tulilibandika stesheni, sokoni,
na kwenye mlango wa kinyozi asiyesoma:
*Tunakusanya hadithi za kutisha.
Hatutaki popobawa. Hatutaki mrembo mwenye kwato za punda.
Tunataka kitu kisichojua kwamba sisi tupo.
Malipo: nakala mbili.*

Zikaja kumi na moja.
Karani wa mkonge, huko Kange, aliandika mizani
inayopima vivuli vya vibarua,
na kila jioni vivuli vinapungua kilo.
Muuguzi wa Bombo aliandika kitanda namba tisa,
shuka lina joto na hakuna aliyelala.
Singano, mtembeza wageni wa Amboni,
aliandika pango linalomhesabia mtu hatua zake;
likakosea moja,
likamrudisha mlangoni, likaanza upya.

Nilisahihisha zote.
Nilifuta "ghafla" mia na nne.

Prufu ya pili ikarudi na hadithi kumi na mbili.
Ukurasa wa mia na kumi na tatu, bila jina la mwandishi.
Nikadhani ni Rukia. Rukia akadhani ni Shemdoe.
Shemdoe hajawahi kudhani kitu ila bei ya wino.
Ilianza hivi:

    Hesabuni humo ndani,
    wanne mumo chumbani,
    wa nne yu mlangoni
    akisubiri jinale.

    Mulimwita kwa tangazo,
    nakala mbili ni tuzo,
    hana uso, ana wazo,
    nalo wazo ni la kale.

Nikahesabu kwa vidole. Nane, nane, nane, nane.
Katika wale kumi na moja
hakuna hata mmoja ajuaye mizani.

Kisha ikafuata nathari: chumba,
feni inayogonga kila mzunguko wa tatu,
uji wa wanga kwenye kopo la rangi,
uzi wa katani wa kushonea,
na watu wanne wakiinamia karatasi.

Wanne.
Kosa la ukweli, hilo ndilo linalonilipa mshahara.
Nikakata, nikaandika pembeni: *watatu*.
Prufu ya tatu: wanne.
Nikakata tena, nikakoleza mpaka karatasi ikatoboka.
Prufu ya nne, karatasi mpya, imetoka mashineni bado ina joto:
wanne,
na pale nilipotoboa, pametoboka.

Alasiri hiyo Rukia alileta kahawa.
Vikombe vinne.
Hakushtuka. Shemdoe alisogeza kiti chake kidogo,
kama mtu anayempisha mwenzake,
akaendelea kulalamikia umeme.
Mimi nikanywa changu. Kilichobaki sikukitazama,
ila nilisikia kikirudishwa kwenye kisahani.

Tulichapa mia mbili.
Tukazishona kwa katani, mkono ukipokea mkono;
sikuhesabu mikono.

Siku ya malipo tulipanga mezani mafungu kumi na mawili,
nakala mbilimbili, na daftari la kusaini.
(Rukia ndiye aliyesema kumi na mawili. Au nilisema mimi.)
Wakaja kumi na mmoja, wakasaini,
wakanusa majalada kama mikate ya asubuhi.
Muuguzi alilia kidogo, akasema ni vumbi.
Fungu moja likabaki.
Tukafunga. Nikatikisa kufuli mara mbili, kama kawaida yangu.

Asubuhi halikuwepo, na kufuli lilikuwa vilevile.

Kwenye daftari, mstari wa kumi na mbili, hapana jina.
Kuna alama yangu tu,
ile ya wino mwekundu, mkia wake ukipinda kushoto
kama ninavyoupinda mimi nikichoka,
alama ninayoiweka kati ya neno na neno
kumwambia mchapaji:
hapa pana kitu kimerukwa.