Stakabadhi

Panya wa Kitangari habishi hodi.
Ana haja gani? Sisi ndio tuliomwita,
tangu siku ile Somoe alipokaanga dagaa
mlango wazi, na upepo uliopanda kutoka bonde la Ruvuma
ukaichukua harufu, ukaizungusha uani na vichochoroni
kama mpiga mbiu.

Watu husema panya ana njaa. Mimi nakataa.
Mwenye njaa hula alichokipata;
huyu anachagua.
Makopa aliyapita. Gunia la mbaazi akalikanyaga tu,
akaenda moja kwa moja kwenye mbegu ya karanga,
mbegu niliyoichambua punje kwa punje,
akala kiini, akaniachia maganda
yamekaa pamoja, kama mtu anayerudisha vyombo vya watu.

Usiku wa pili, sabuni ya mche.
Nilicheka. Nikasema, huyu anataka kuoga.
Somoe hakucheka.
Sabuni ni mafuta, alisema. Wewe unaona povu,
mwenzio anaona kitoweo.
Na mshumaa pia. Na mfuniko wa ndoo,
kwa ajili ya uji uliokaukia ukingoni.
Na kisigino cha mtoto aliyelala bila kunawa:
aliuma, akapuliza, akauma, akapuliza,
hadi asubuhi Chipila anauliza,
baba, kisigino changu kimeenda wapi?

Yote haya ningeyasamehe.

Lakini karatasi ya chama,
kilo mia mbili arobaini na saba, korosho daraja la kwanza,
muhuri wa bluu, sahihi ya karani,
niliifungia kashani, chini ya kanga za Somoe.
Kufuli ni la binadamu.
Panya ana mlango wake, nyuma, upana wa kidole gumba.
Nilipofungua nikakuta vipande vyepesi kama pumba,
na katikati yake vitoto sita vyekundu,
bila macho, bila nywele,
vimelala juu ya jina langu.

Alitafuta nini kwenye karatasi?
Nikakumbuka: siku ile nikitoka ghalani
nilipitia kwa Binti Mnali, nikala samaki wa kukaanga,
na kwa vidole vile vile nikaikunja.
Doa lilikaa juu ya tarakimu.
Tena pembeni mwa kasha kulikuwa na korosho,
kiganja kimoja, zilizobanguliwa,
nilizomficha Chipila asije akazimaliza.
Nilimficha mtoto.
Nikamwandalia panya.

Karani aliviangalia vipande ndani ya bakuli.
"Bwana Nandonde, panya si mwanachama."
Foleni nzima ikacheka hadi ikakohoa.
Nikapewa fomu ya kuombea fomu.

Jioni shemeji yangu Likapa akaja kutoka shambani
na ufito wa samaki nchanga, kumi na wawili,
wamebanwa, wamechomwa, mikia imekunjamana.
Tulikula. Nyama ina ladha ya mizizi na nyasi
na mihogo yangu, bila shaka, na mihogo yangu.
Chipila akaonyesha kasha kwa kidole:
na wale wa ndani, mjomba?
Likapa akatema mfupa. "Wa ndani haliwi."
Kwa nini?
"Tumbo lake lina sabuni, mshumaa na muhuri."

Wakacheka tena. Mimi nilitafuna polepole.
Wa ndani amekula tulichokula,
amelala tulipolala,
anajua nani kati yetu hukoroma.
Mtu anamlaje mpangaji wake?

Usiku ule Somoe alisugua sufuria kwa majivu,
akamnawisha mtoto hadi magotini,
akaziba tundu kwa udongo na vigae vya chupa.
Taa ikazimwa. Darini kukawa kimya,
kimya cha mtu anayesikiliza.

Nami nikainua mkono gizani,
nikanusa vidole vyangu.