Peni Chini ya Ulingo

Kila Alhamisi, kwenye baa ya wachimba makaa,
Cuthbert Stobbs huanza upya vita vilivyokwisha.
Kwake, pambano ni lile la uzito wa juu
walilolitazama sinemani saa tisa za usiku,
makoti mabegani, chupa ya chai ikizunguka,
bingwa akaanguka raundi ya kumi na nne
kama bomba la moshi la kiwanda:
polepole, halafu ghafla.

"Lile?" Alwyn Purvis hucheka mpaka akohoe.
"Wewe hukuliona pambano, uliliona pazia.
Mimi nilikuwapo Newcastle, safu ya tatu,
damu ya yule Mwairishi ikanirukia kwenye mkate."
Hujigusa kifuani, kana kwamba doa bado lipo.

Kisha hunigeukia, kwa adabu tu.
Nawaambia: Garbutt na Kilbride, bwawa la manispaa.
"Aa, lile," asema Cuthbert,
macho ndani ya bia yake.

Kila majira ya baridi mji ulilikausha bwawa la kuogelea,
ukalaza mbao juu yake, na kamba juu ya mbao.
Harufu ya dawa ya maji ilipanda nyufani
ikapigana na tumbaku.
Nilikuwa na miaka tisa. Baba alishika ndoo konani kwa Wilf Garbutt,
mimi nilishika koti la Baba,
na peni moja iliyopata joto kiganjani,
maana pambano likinoga, watu walitupa sarafu ulingoni.

Raundi tano Wilf alimtwanga kijana wa Liverpool
kwa kushoto kile, kikavu, kisicho na maneno,
mkono uliosukuma matoroli ya makaa tangu utotoni.
Tulizipiga mbao kwa viatu;
bwawa tupu likaguna chini yetu kama tumbo lenye njaa.

Raundi ya sita.
Kilbride alisimama, glavu juu,
lakini macho yake yalikuwa yameshaondoka,
yamekwenda kwao, yakauacha mwili ulinde mlango.
Wilf aliliona hilo. Sisi hatukuliona.
Akashusha mikono, akamgeukia mwamuzi.
"Piga," akasema mwamuzi.
Wilf akatikisa kichwa.
"Piga, ama nakutoa."
Akaenda konani, akaketi,
akaanza kufungua kamba za glavu kwa meno.

Zogo gani lile! Watu walikuwa wameweka mishahara ya wiki nzima.
Sarafu ziliruka, wala si za pongezi.
Nami nikarusha yangu, kwa nguvu zangu zote.
Ilimpata begani, ikadunda, ikaingia ufani,
nikaisikia ikilia chini, mbali, juu ya vigae.

Kilbride alilala hospitali majuma mawili,
akarudi kwao, akaoa, akawa fundi wa mapaa.
Kila Desemba alimtumia Wilf kadi
isiyo na neno ila jina lake.
Wilf hakupewa pambano jingine.

Mwezi wa nne mbao ziliondolewa,
manispaa wakamwajiri kulitunza bwawa.
Alizifagia zile sarafu, akazitia kwenye chupa ya jemu,
na Jumamosi, maji yakishajaa,
alizitupa mojamoja upande wenye kina
ili tuzizamie.
Ndivyo tulivyojua kuogelea,
watoto wa waliomzomea,
kile kushoto chake kikiwa chini ya kidevu changu:
"Pumua. Maji hayana haraka nawe."
Niliibuka na peni nyingi. Sikujua ipi yangu.
Nilizirudisha zote, ila moja.

"Mshindi alikuwa nani, hata hivyo?" auliza Cuthbert.
Kitabuni, Kilbride. Raundi ya sita.
Alwyn amenyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake.
"Baba yangu," asema mwishowe,
"alipoteza pauni mbili usiku ule,"
na kwa mara ya kwanza
haelekei kuzidai.